Alisema Betri Imeisha

Pale kituo cha kubadilishia betri, madereva wengi bado wanasubiri kofi. Gari limeshavishwa betri, komeo limeshalia, njia iko wazi, lakini dereva amekaa tu, mikono kwenye usukani, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Anasubiri kiganja kigonge bati la nyuma, pa-pa, na ile "Haya, nenda!" iliyokuwa ikifuata. Haiji. Wafanyakazi wa siku hizi hupunga mkono, au hawapungi. Nyuma honi zinaanza, na dereva anaondoka kwa aibu, kama aliyekutwa anaongea peke yake.

Mwenye kiganja kile hatajwi. Hata jina la utani walilompa madereva wenyewe, Mbalikaribu, limekuwa la kumezwa. Likimponyoka mtu, mwenzake hukohoa.

Jina hilo lilitokana na kazi. Teksi za umeme zinazokuja pale ni ndogo, na hazina betri ya kudumu. Ndani ya buti kuna matundu mawili, na kila tundu huingizwa sanduku la betri, zito kama mfuko wa saruji, lenye mpini mmoja na taa ndogo nne ubavuni. Dereva akiishiwa chaji hakai kusubiri. Anaingia kituoni, masanduku yake yanachomolewa, yanapakiwa kwenye toroli na kupelekwa kwenye rafu za kuchajia, na mengine yaliyoshiba yanasukumwa mahali pake. Anaondoka kabla hajamaliza soda. Betri si mali yake. Ni ya kampuni. Asubuhi iko kwake, mchana iko kwa mwingine asiyemjua.

Lakini betri huchoka kama watu wanavyochoka, bila kutangaza. Kuna sanduku likichajiwa linawasha taa zote nne, linang'aa kama limezaliwa jana, halafu likifika barabarani linaishiwa pumzi njiani. Masanduku ya namna hiyo wafanyakazi waliyaita wastaafu. Kampuni haikutaka kuyatupa, kwa hiyo wafanyakazi walijitungia utaratibu. Kila dereva aliulizwa, "Mbali au karibu?" Aliyekuwa akizunguka sokoni na stendi alipewa wastaafu, nao wakamtosha. Aliyekwenda mbali alipewa betri changa. Utaratibu huo ulikuwa ni swali tu, na jibu, na imani kwamba anayeuliza anasikiliza.

Aliyeuliza alikuwa yeye. Mwanamke mpana wa mabega, kilemba kimefungwa kwa nyuma kisimsumbue, sauti ya kuvuka barabara.

"Mbali au karibu?"

"Karibu, ila moyo uko mbali."

"Moyo hauna tundu huku nyuma. Sogeza gari!"

"Dada, na mimi nipe changa leo, nina mgeni."

"Mgeni anakula betri? Utapata mstaafu, na umsalimie mgeni."

Walimwamini kwa sababu aliwanyima mbele ya macho yao. Hakuwa na wa kwake, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja alikuwa mume wa mdogo wake. Madereva walimwita Kola, kwa sababu ya kola ya shati lake, iliyopigwa wanga hadi ikasimama yenyewe. Alikuwa mtu wa maneno laini, mwepesi wa kubeba mizigo ya wazee, na mama mkwe wake alimwita mtoto wa kiume aliyechelewa kufika. Kola akiingia kituoni hakupanga mstari. Alizunguka magari yote, akajipenyeza mbele, akatoa kichwa dirishani na kusema, "Kwa shemeji hakuna foleni!" Wenzake walisonya. Mbalikaribu alimtukana kidogo ili kuwaridhisha, kisha akamhudumia. Undugu una bei yake, na hiyo aliiona ndogo.

Baba yao alikuwa fundi viatu. Meza yake ilikaa kando ya ukuta wa posta, jirani na mchonga funguo. Siku moja asubuhi kifua kilimbana akiwa ameshika sindano, na mchonga funguo akampigia simu Kola, kwa kuwa ndiye mwenye gari katika ukoo. Kola alifika upesi, akampakia mzee, wakaelekea hospitali, ile iliyoko juu ya kilima nje kidogo ya mji.

Mbalikaribu hakujua lolote kati ya hayo. Alichojua ni kwamba mchana wa siku hiyohiyo Kola aliingia kituoni anapiga mluzi.

"Shemeji, niwahishe. Nimetoka uwanja wa ndege sasa hivi. Abiria wa kueleweka, yule wangu wa hotelini. Kuna mwenzake naye anataka kwenda."

"Mbali, basi."

"Mbali ya kutosha."

Mbalikaribu alichomoa masanduku. Kila moja lilikuwa bado limewasha taa mbili za kijani.

"Hizi bado ziko hai," alisema. "Unabadilisha za nini?"

"Kwa shemeji hakuna foleni. Nisubiri ziishe kwani nina wazimu?"

Walicheka wote wawili. Alimwekea changa, zile alizokuwa akizificha rafu ya juu kwa ajili ya safari ndefu. Pa-pa. "Haya, nenda!" Na Kola akaenda, hakusema neno juu ya mzee. Simu ya mama ilimkuta dada mtu bado ameshika toroli. Wafyatuaji matofali wa ile yadi iliyo chini ya kilima, mama alisema, wamemkuta baba yenu ameegemea lundo. Walidhani amesinzia.

Kwenye msiba Kola alifanya kazi ya watu wanne. Alipanga viti, alichota maji, alibeba jeneza mbele kabisa, machozi yakimchuruzika hadi kwenye kola. Na kila aliyefika na kuuliza ilikuwaje, Kola alimsimulia, na kila alipowasimulia wengine hadithi ilinenepa.

"Tulikuwa tunakwenda vizuri. Tulipofika pale yadi ya matofali, betri imeisha. Imeisha kabisa! Nikamwambia, baba, kaa hapa kivulini, nampigia mwenzangu aje akuchukue. Nikasukuma gari mwenyewe, jamani, nasukuma huku nalia." Hapo alikuwa akitikisa kichwa. "Hizi betri wanazotupa siku hizi si za kuaminika. Unapewa imejaa, kumbe ni kopo."

Watu waligeuza shingo polepole. Kila mtu pale alijua Kola anabadilishia betri kwa nani.

Jioni mama alimwita bintiye mkubwa jikoni, akarudisha mlango.

"Asubuhi ile alipitia kwako?"

"Alipitia."

"Ulimwekea betri gani?"

"Nzima, mama. Changa."

"Mbona iliisha?"

"Haikuisha. Aliniletea mchana bado ina—"

"Mwanangu." Mama aliinua kiganja. "Kijana wa watu amembeba baba yako kwa mabega yake. Kama mkono wako uliteleza, uliteleza, Mungu anajua. Lakini usitafute wa kumpaka matope."

Angemwonyesha nini? Yale masanduku mawili yalikwishakaa kwenye rafu, yakashiba, yakaondoka na gari jingine kabla hata mwili haujashushwa hospitali. Ubora wa kazi ile ndio huo, kwamba betri haikai kusubiri mtu. Ushahidi wa uongo wa Kola ulikuwa umechomolewa na kuchajiwa upya mbele ya macho yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyesukuma toroli.

Tangu siku hiyo mama alipopokea kitu kutoka kwake, kikombe au kanga iliyokunjwa, aliutazama kwanza ule mkono. Alitazama tu, mara moja, kama mtu anavyotazama kisu kilichowahi kumkata. Mbalikaribu angeweza kustahimili matusi. Jicho lile hakuliweza. Akaapa kimoyomoyo kwamba Kola ataisema kweli mbele ya mama, kwa mdomo wake, hata ikibidi imtoke pamoja na meno.

Alisema imeisha. Basi, iishe.

Kola aliporudi kazini alikuja na kola mpya na sauti ya chini ya mfiwa. "Shemeji, pole. Tumempoteza mtu."

"Tumempoteza. Mbali au karibu?"

"Mbali."

Alikwenda kwenye rafu, akawapita changa wote, akateremsha wastaafu wawili waliochakaa kuliko wenzao. Taa zote nne zilimwitikia kwa furaha. Akawasukuma ndani, komeo likalia, akapiga bati kwa upole kama anayembembeleza mtoto. "Haya, nenda."

Siku ile gari lilimzimikia Kola katikati ya mzunguko wa barabara, na abiria aliyevaa suti ndani. Wauza maji walilisukuma hadi pembeni wakiimba. Habari ilifika kituoni kabla ya Kola mwenyewe, na Mbalikaribu alisikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa, kila kidole peke yake.

"Shemeji, zile betri zilikuwa na nini?"

"Zilijaa. Si uliona taa?"

"Niliona. Lakini zilishuka kama ndoo iliyokatika kamba."

"Labda unakanyaga sana. Kuendesha kwa majonzi ni kubaya. Lete nikubadilishie. Mbali?"

"Mbali, shemeji. Nipe za maana."

"Hizi nilikuwa nimekuwekea wewe."

Na kweli alikuwa amemwekea yeye. Alikwishawajua wastaafu mmoja mmoja kwa mikwaruzo yao, na kila mgonjwa aliyerudi rafuni alimsogeza pembeni, nyuma ya ndoo ya matambara, akimsubiri mwenyewe. Kola angeweza kwenda kituo kingine. Lakini huko kuna foleni, na mtu aliyezoea kupita mbele hajui kusimama nyuma. Hiyo ndiyo iliyokuwa kamba yake, na alijifunga mwenyewe kila asubuhi. Alilipeleka gari kwa mafundi wa umeme. Walilipima nyaya, walilipima mota, hawakuona kasoro. Wangeiona wapi? Kasoro ilikuwa imeshachomolewa. Ule utaratibu uliomficha Kola sasa ulimficha na Mbalikaribu, na aliionja haki hiyo kama pipi, akiiviringisha shavuni taratibu ili isimalizike.

Yule abiria wa hotelini alitafuta dereva mwingine. Wengine wakafuata. Madereva, ambao hawana huruma na mtu anayeruka mstari, walilifuta jina la Kola wakamwita Imeisha.

"Imeisha, leo umefika wapi?"

"Jamani mwacheni, anafanya mazoezi ya kusukuma."

"Imeisha, ukioga sabuni inabaki?"

Alicheka nao mwanzoni. Baadaye kola ya shati ikaanza kulala upande mmoja, ina mstari wa jasho, na vicheko vyake vikawa vifupi. Mbalikaribu aliitazama kila siku hiyo kola, ilivyokuwa ikilegea, kama wengine wanavyotazama mbegu ikichipua.

Mwenzake wa zamu aliyaona yote. Alikuwa mzee mkimya aliyesukuma toroli tangu kituo kifunguliwe, na ndivyo walivyomwita, Mzee Toroli.

"Yule kasema mbali," alimwambia siku moja.

"Nimemsikia."

"Na umempa hao."

"Ameshawazoea."

Mzee Toroli aliegemea mpini. "Binti yangu, mimi sikuulizi kakukosea nini. Kila mtu ana wake. Lakini sisi hapa hatuna kitu ila lile swali. Ukimwuliza mtu kisha ukampa kinyume, bora usiulize."

"Kwa hiyo nisimwulize?"

"Hujanielewa."

"Nimekuelewa, mzee. Sukuma toroli."

Mdogo wake naye alimfuata kituoni, akakaa juu ya kreti tupu la soda, macho yamemvimba. Nyumbani, alisema, hakukaliki. Mume anarudi amenuna, anapiga mlango, pesa ya matumizi imekuwa ya kuombwa kama dawa. Amemtuhumu hata yeye mkewe kuwa na mkosi.

"Gari lina nini?" aliuliza dada mtu.

"Anasema betri. Kila siku betri imeisha, betri imeisha. Nimechoka kulisikia hilo neno, dada. Nikilisikia namwona baba."

Hapo ndipo angesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini alimtazama mdogo wake, akaona atakimbia nyumbani kumwuliza mumewe, na mumewe atalia, na machozi yale yanajua kazi. Mambo yangeishia chumbani kwao, na jicho la mama lingebaki palepale kwenye mkono wake. Akafunga mdomo. Alimpa mdogo wake pesa ya unga na mkono begani.

"Vumilia kidogo," alisema. Na aliposema kidogo, alikuwa tayari ameshapanga siku.

Mama alikuwa na shinikizo la damu lililopanda tangu msiba, na daktari alimtaka apande kilimani kupimwa. Kola, kwa heshima zake, alijitolea kuwapeleka: mama na mkewe nyuma, shemeji mbele. Mbalikaribu hakuwa zamu. Hata hivyo walipitia kituoni, naye akashuka, akamwambia Mzee Toroli apumzike, hizi ataziweka mwenyewe. Aliwachukua wawili kutoka nyuma ya ndoo ya matambara, wale aliowafahamu kuliko wote, waliowahi kumwacha Kola pale chini ya kilima mara nyingine. Mzee Toroli alisimama na mikono nyuma, akamtazama mama aliyekaa ndani, akamtazama yeye, akaenda zake chooni ili asione.

Pa-pa. Safari hii alijipigia mwenyewe, kisha akapanda.

Njia nzima Kola alizungumza na mama mkwe juu ya dawa na chumvi. Jua lilikuwa kali, mama alijipepea kwa kitambaa. Yadi ya matofali ilitokea upande wa kushoto, malundo yake ya kijivu, watu wake weupe kwa vumbi la saruji. Gari likaipita. Mbalikaribu aligeuka kutazama malundo yakibaki nyuma. Alikuwa ameutegemea mno uchovu wa wastaafu wake. Lakini mwanzo wa mwinuko gari likaguna, likavuta, likapunguza mwendo lenyewe, na Kola akaliachia likarudi kinyumenyume hadi ukingoni, karibu kabisa na lundo la mwisho.

Alipiga usukani kwa ngumi.

"Nini tena?" aliuliza mama.

"Betri imeisha."

"Rudia," alisema Mbalikaribu.

"Nini?"

"Ulichosema. Mama hakusikia vizuri."

"Shemeji, si wakati wa utani. Imeisha."

Mbalikaribu alishuka, akafungua buti, akaivuta betri moja nusu, na kumwita mdogo wake aje. Taa moja tu ilikuwa inawaka, nyekundu. "Njoo na wewe," alimwambia Kola. "Angalia. Hii ndiyo imeisha. Ikiisha, gari haliendi. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Siku ile ulimshusha baba hapa. Hapa hapa. Halafu ukaenda uwanja wa ndege. Ulikwendaje?"

Mdogo wake aligeuka. "Uwanja wa ndege gani?"

"Mwambie," alisema dada mtu. "Mwambie ulivyonijia mchana ule unapiga mluzi. Abiria wa kueleweka. Taa mbili za kijani, kila upande. Ulilisukuma gari hadi uwanja wa ndege, Kola? Huku unalia?"

Wafyatuaji matofali walikuwa wameacha koleo. Kola alijipangusa shingo, akaitazama barabara ya kwenda, akaitazama ya kurudi, na hapakuwa na gari.

"Ilikuwa na chaji kidogo," alisema.

"Kidogo ya kwenda uwanja wa ndege na kurudi mjini. Ila kidogo hiyo haikuweza kufika pale." Alinyoosha mkono. Paa la hospitali lilionekana, jekundu, juu ya miti.

"Mume wangu," alisema mdogo mtu, kwa sauti ndogo. "Ilikuwa imeisha au haikuisha?"

Mama alikuwa ameshateremsha kioo. Kola alimwona, na kitu kilichokuwa kimemshikilia kikakatika.

"Haikuisha. Haikuisha, mama. Yule mtu alinipigia, akasema nisipofika sasa hivi anachukua mwingine. Baba alikuwa anaongea vizuri! Anasema ni kiungulia tu. Nikamwambia betri imeisha, akaniambia, basi nenda, mwanangu, nitasubiri. Mwenyewe alisema nenda. Na mwenzangu nilimpigia kweli, alichelewa, siyo mimi..."

"Alisema nenda?" mama aliuliza.

"Wallahi alisema."

"Ndiyo," mama alisema. "Yeye angesema hivyo."

Ndivyo Mbalikaribu alivyokipata alichokitaka, mchana kweupe, mbele ya mashahidi wenye vumbi la saruji. Alisimama pale kando ya buti, kifua kimejaa, akisubiri mama autazame mkono wake kwa jicho jipya. Na mama aliutazama.

"Na hizi za leo," alisema, "umeziweka wewe?"

"Mimi, mama."

"Ukijua hazifiki."

Aliirudisha ndani ile betri aliyoivuta nusu.

"Na mimi nikiwa ndani, nakwenda hospitali."

"Nilitaka usikie, mama. Ulikuwa hunisikii."

Mama alifungua mlango, akashuka taratibu, akashika ukingo wa gari hadi kizunguzungu kilipompita. "Nimesikia," alisema. "Baba yenu alishushwa hapa na mmoja. Mimi nimeshushwa na wawili." Akaenda kukaa juu ya matofali, akajifunika kichwa kwa kitambaa, na alipofuatwa na yeyote kati yao alitikisa mkono kama anayefukuza inzi. Alipanda kilima katika gari la mtu mwingine, wa kupita njia. Shinikizo lilikuwa juu lakini si la kulazwa.

Mdogo mtu hakupanda. Alibaki barabarani na dada yake, na Kola ameketi peke yake nyuma ya usukani wa gari lililokufa.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ileile."

"Ukaniacha nampikia. Ukaniacha nalala naye, namfariji, namkanda mgongo kwa sababu anasukuma gari. Na kila nilipokuja kwako nalia, ukanipa pesa ya unga." Alicheka kicheko kibaya. "Yeye alimwua baba mara moja. Wewe ulinila mimi kila siku, kidogo kidogo, ili umpate yeye."

"Mdogo wangu—"

"Usiniite."

Kesho yake mdogo mtu alikwenda kituoni wakati wa msongamano, akasimama katikati ya njia, akayamwaga yote. Hakumbakiza mumewe, hakumbakiza dada yake. Madereva walimzomea Kola hadi akakoma kuja pale. Kisha kila mmoja akaanza kukumbuka yake. Kuna aliyezimikiwa kwenye daraja la reli siku moja baada ya kumtania juu ya kilemba. Kuna aliyechelewesha mgonjwa. Kuna ambaye betri yake ilikuwa nzima kabisa lakini sasa hakuwa na hakika. Mbalikaribu hakuwa amewafanyia kitu hata mmoja wao. Aliwaapia.

"Mbali au karibu?" aliuliza.

"Wewe weka tu unachotaka," walimjibu, hawamtazami. Au walijibu mbali wote, hata wa sokoni. Wengine walimwomba Mzee Toroli ndiye awawekee, na Mzee Toroli aliweka, na hilo ndilo lililomchoma kuliko kelele za mdogo wake. Msimamizi hakumfukuza. Alimhamishia kuosha sakafu ya njia, na baada ya muda mfupi Mbalikaribu akavua glovu, akaziacha juu ya rafu, akaondoka kwa mlango wa mbele wakati magari yamejaa. Hakuna aliyepiga honi.

Wapo waliomwuliza kama anajuta. Anasema hapana. Anasema alitaka mtu fulani aseme neno fulani, na mtu huyo akalisema, na mama akalisikia, na mama sasa hupokea kikombe bila kutazama mkono. Anasema hivyo kwa haraka, macho kwenye kitu kingine. Ukimtajia Kola, taya hukaza, na unaona kabisa kwamba lau betri ile ingerudi mikononi mwake leo angeisukuma tena hadi komeo lilie. Ukimtajia mdogo wake, huinuka kwenda kuangalia kama mlango umefungwa.

Kola bado anaendesha teksi. Hubadilishia kituo cha upande wa reli, na anapanga foleni. Mdogo mtu alirudi kwake, akaondoka, akarudi tena.

Mbalikaribu anafanya kazi katika ghala la sabuni kwenye barabara ya kutokea mjini. Anapanga maboksi zamu ya asubuhi, na anaishi vyumba viwili na mama yake.